Kabichi ina sumu yake, mbona inaliwa? Dalili shambani, sababu zake na la kufanya

Malalamiko ya wanaolima kabichi hufanana, awe mtu wa Bumbwisudi au wa Bambi hapa Unguja, au wa Konde kule Pemba. Majani yametoboka. Dawa imepigwa mara tatu na wadudu wako palepale. Kabichi imetoa vichwa vinne vidogo badala ya kimoja kikubwa. Mwingine kaponda haradali akapuliza, majani yakaungua na viwavi wakaendelea kula. Nyuma ya mengi ya haya liko jambo ambalo dukani hakuna anayekueleza unaponunua chupa: kabichi yenyewe inatengeneza sumu, na kila mdudu ana mwenendo wake mbele ya sumu hiyo. Yuko anayeikimbia, na yuko anayeifuata. Usipomjua ni yupi aliyeko kwenye tuta lako, utapiga dawa isiyo yake na pesa itakwenda.

Kwanza sumu yenyewe

Fikiria tambuu. Popoo peke yake haigeuzi mate, chokaa ni nyeupe, jani ni kijani. Vikae ndani ya kijaluba mwezi mzima, vitabaki hivyo hivyo. Vitafune pamoja, na mate yanakuwa mekundu papo hapo.

Kabichi na ukoo wake wote, yaani haradali, figili, sukuma wiki, chainizi, ndivyo walivyo. Ndani ya seli za jani mna kemikali ziitwazo glukosinolati, zenye salfa na naitrojeni ndani yake. Hizo ndizo popoo. Kando yake, mahali pengine, kimehifadhiwa kimeng'enya kiitwacho mirosinasi, nacho ndicho chokaa. Jani likiwa zima hakuna ukali. Mdudu akilitafuna seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, na kwa sekunde chache tu inazaliwa isothiosianati. Ni ule ukali unaopanda puani ukitafuna mbegu ya haradali au figili mbichi.

Kwa wadudu wengi ile ni sumu ya kweli. Asiyeizoea hula kidogo akaacha, au hukua kwa shida, au hufa. Lakini wapo waliojifunza kuishi nayo, na hao hawaishii kuivumilia, bali huitumia kama anwani ya nyumba. Mwaka 1910 mtafiti wa Uholanzi, Eduard Verschaffelt, alipaka kemikali hizi kwenye majani ambayo viwavi wa kipepeo wa kabichi hawayali kabisa, na viwavi wakayala. Kinachomfukuza mgeni ndicho kinachomkaribisha mwenyeji.

Kwa hiyo mimi huwagawa hivyo hivyo: wageni na wenyeji. Wageni ni wadudu wanaokula kila kitu, leo tungule, kesho mahindi, keshokutwa kabichi. Wenyeji ni wale wasiokula ila ukoo wa kabichi. Karibu hasara zote kubwa za kabichi hapa kwetu ni kazi ya wenyeji.

Kabla hujafika kwenye dalili yoyote hapa chini, fanya ukaguzi mmoja. Nenda asubuhi mapema, jua halijapanda, na bomba la dawa libaki nyumbani. Pita shamba kwa zigizaga, simama kwenye miche ishirini. Kila mche geuza majani uone upande wa chini, fungua moyo kwa vidole, kisha tazama udongo kuzunguka shina. Angalia khasa ni majani gani yameliwa, ya moyoni au ya nje. Mmea huweka sumu yake nyingi kwenye majani machanga ya katikati, kwa hiyo mgeni huanzia majani ya nje yaliyokomaa. Anayekwenda moja kwa moja moyoni kwa kawaida ni mwenyeji.

Majani yana vidirisha na matundu madogo madogo

Hii ndiyo inayoletwa kuliko zote. Ukiliinua jani juani unaona sehemu zilizoliwa kutoka chini, na juu imebaki ngozi nyembamba kama karatasi ya mafuta. Siku chache baadaye ngozi inapasuka na kuwa tundu.

Karibu kila mara ni viwavi wa nondo mdogo wa kabichi, Plutella xylostella, anayeitwa pia nondo mgongo-almasi kwa umbo linaloonekana mgongoni anapokunja mbawa. Kiwavi wake ni kijani na hafiki sentimita moja na nusu. Mguse kwa kijiti. Atajipinda kwa nguvu, atarudi kinyumenyume, kisha atajiachia na kuning'inia kwa uzi. Ukiona hivyo usitafute zaidi, ndiye.

Ikiwa matundu ni ya mviringo kabisa, kama yaliyotobolewa kwa sindano, na yako kwenye miche michanga, tafuta vimbawakawa vyeusi visivyozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, vinavyoruka kama viroboto ukivikaribia. Hao nao ni wenyeji, ila madhara yao hupungua mche ukishashika nguvu. Maji ya kutosha na neti juu ya kitalu mara nyingi hutosha.

Nitakaa kwa nondo, maana ndiye anayefilisi watu. Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi ya Max Planck iliyoko Jena, Ujerumani, walieleza siri ya tumbo lake. Ndani ya utumbo wa kiwavi mna kimeng'enya kinachowahi glukosinolati na kuikata kipande chenye salfa kabla mirosinasi haijaifikia. Kwa mfano wa tambuu, huyu anaichonga popoo kwanza, kisha chokaa haina la kufanya nayo. Sumu haizaliwi. Na mwaka 2020 watafiti wa China walionyesha kwamba jike la nondo huyu lina vipokezi viwili vya kunusa isothiosianati, na ndivyo vinavyomwongoza mahali pa kutaga. Likiondolewa vipokezi hivyo linapoteza mwongozo. Harufu ya kabichi iliyokatwa, ile ambayo sisi tunaiona ni ukali wa kumfukuza, kwake ni hodi iliyoitikiwa.

Jike moja hutaga mayai kama mia na hamsini maishani mwake. Kwenye joto letu la kaskazi, kutoka yai mpaka nondo mwingine ni wiki mbili hivi. Piga hesabu ya miezi mitatu ya kabichi shambani, na utaelewa kwa nini wanaopanda wakati wa kipupwe, baada ya masika, hupumua kidogo.

Anza na mepesi. Okota na ponda kwa mkono kama shamba ni la matuta machache, kila siku mbili. Ng'oa mabaki ya kabichi ulizokwishavuna, maana visiki vinavyochipua ndivyo nyumba yao ya akiba. Mvua kubwa huwaangusha na kuwazamisha viwavi wachanga, na kumwagilia kwa kunyunyiza juu ya majani kunasaidia vivyo hivyo, lakini ukiwa na dalili za uozo mweusi nitakaoutaja baadaye usifanye, utausambaza.

Ikiwa hayo hayatoshi, tumia dawa ya bakteria wa Bacillus thuringiensis. Ni lazima kiwavi aile, kwa hiyo ilenge chini ya majani, na piga jioni kwa sababu jua huiharibu. Kiwavi anaacha kula saa chache baada ya kuimeza lakini anaweza kuonekana hai siku mbili tatu. Wengi hukata tamaa hapa, wakaona dawa haifai, wakarudia sumu kali siku ya pili. Ngoja.

Mwarobaini unafaa pia. Kokwa zilizokaushwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, zitwange, ziroweke usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, piga jioni ileile. Kwa bomba la lita 15 ni gramu 750. Nao hauui papo hapo. Unamharibia kiwavi ukuaji na hamu ya kula.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni kuigeuza harufu kuwa mtego. Nondo huyu anaipenda haradali kuliko kabichi. Kule India wakulima walifundishwa kupanda mstari mmoja wa haradali siku 15 kabla ya kupandikiza kabichi na mwingine siku 25 baada yake, kwa kila mistari 25 ya kabichi. Kwenye vipande vyetu vidogo unaweza kuizungushia shamba. Mbegu za haradali za duka la viungo pale Darajani huota mara nyingi, ila zijaribu kwanza kwenye kitambaa kibichi. Shuruti yake ni moja, nayo haina msamaha: viwavi wakishajaa kwenye haradali, ipige dawa au ing'oe na kuichoma. Ukiiacha, umewafugia nondo mlangoni pako.

Na kabla ya kupiga chochote, tazama vifuko kwenye majani. Kifuko cha nondo ni kama wavu, unamwona mdudu mwenyewe ndani. Ukiona vifuko vyeupe vilivyofumwa vizito, vidogo kuliko punje ya mchele, hivyo ni vya nyigu wadogo wanaotaga ndani ya kiwavi na kumuua. Waache. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilimleta nyigu mmoja wa aina hiyo, Diadegma semiclausum, kutoka Taiwan, na mwaka 2002 akaachiwa kwenye vilima vya Taita nchini Kenya. Yeye anapenda ubaridi wa milimani, joto la pwani linamshinda. Nyigu wa jamii nyingine, Cotesia, wanastahimili joto zaidi. Shamba linalopigwa sumu kali kila wiki haliwezi kuwa na hata mmoja wao.

Dawa inapigwa, wadudu hawafi

Watu hukimbilia kusema dawa ni bandia. Inawezekana, lakini si hapo pa kuanzia.

Sababu ya kawaida ni kwamba dawa haikumfikia mdudu. Jani la kabichi lina nta. Matone hujikusanya na kuteleza chini kama maji juu ya jani la myugwa. Jaribu bomba na maji matupu, uone. Sabuni kidogo ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita, hulifanya tone litandae. Pua ya bomba ielekee juu, kutoka chini ya jani.

Ya pili ni saa. Aliyepiga saa sita mchana na jua la kaskazi amepoteza nusu ya kazi yake. Ya tatu ni dawa isiyo ya mdudu huyo: dawa ya bakteria haigusi wadudu mafuta, yaani vidukari, hata uipige ndoo nzima.

Ya nne ndiyo nzito: usugu. Plutella ni mdudu mwenye historia ndefu ya kuzishinda dawa. Usugu wake kwa DDT uliripotiwa Java, Indonesia, mwaka 1953. Mwaka 1990 ikaripotiwa kutoka Hawaii kwamba ameanza kuishinda shambani hata dawa ya bakteria, jambo ambalo hakuna mdudu mwingine aliyekuwa amelifanya kabla yake. Mdudu ambaye tumbo lake linachambua sumu za kabichi kila siku si ajabu akizoea na za chupani.

Kipimo chake unaweza kukifanya nyumbani. Chukua jani lililopigwa dawa likakauka, vaa glavu, litie kwenye chupa pana pamoja na viwavi kumi, funika kwa kitambaa. Chupa nyingine iwe na jani lisilopigwa na viwavi kumi. Baada ya siku mbili hesabu, na kwa dawa ya bakteria ngoja siku tatu. Kama wengi wanaendelea kula kwenye chupa zote mbili, dawa hiyo kwako imekwisha kazi. Badili kundi la kiambato, si jina la chupa. Chupa mbili zenye picha tofauti zinaweza kuwa na kiambato kimoja, basi soma maandishi madogo ya kiambato. Kizazi kimoja tumia kundi moja, kizazi kinachofuata kundi jingine.

Simama hapa. Usiongeze kipimo kupita kilichoandikwa, na usichanganye dawa mbili au tatu ndani ya bomba moja kwa matumaini kwamba moja itapata. Mwite bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako, au peleka viwavi hai kwenye chupa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, Kizimbani. Na aliyepuliza akianza kutokwa na mate mengi, jasho, tumbo kukata, macho kuona ukungu au pumzi kubana, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize kituo cha afya na chupa ya dawa mkononi. Usimtapishe, na usimpe maziwa.

Moyo na chini ya majani kumejaa wadudu wa kijivu kama wamepakwa unga

Ni wadudu mafuta, yaani vidukari wa kabichi. Hawatafuni. Wana mrija mwembamba wanaoupitisha kati ya seli mpaka kwenye mshipa wa utamu, bila kupasua pasua, kwa hiyo popoo na chokaa ya kabichi hazikutani. Sumu inabaki imelala. Na hawaishii hapo, kwani huifyonza ile glukosinolati na kuiweka mwilini, halafu misulini mwao wana mirosinasi ya kwao wenyewe. Kila kidukari anatembea na kijaluba chake. Mbawakawa wa madoa, yule anayewinda vidukari, akimponda kwa meno, mchanganyiko unawaka ndani ya kinywa chake.

Ndiyo jibu la swali ninaloulizwa na wanaochunguza mashamba yao kwa makini: kwa nini wale mbawakawa wekundu wenye madoa wanakuja, wanaonja, wengine wanaondoka au watoto wao wanakufa? Baadhi ya jamii zao hawaiwezi sumu hiyo. Wengine wanaiweza, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidukari wanaiweza. Ukiona vidukari waliovimba, rangi ya kahawia, wakavu kama karatasi, hao wameshauawa na nyigu. Usiwapige dawa.

Sababu za vidukari kuzidi: kwanza mbolea ya naitrojeni imepita kiasi. Urea nyingi hulainisha jani na kuongeza chakula kwenye utomvu. Pili, dawa kali za viwavi zilizowaua nyigu na mbawakawa. Tatu, ukame, maana hakuna mvua ya kuwaosha.

Vunja jani lililojaa, litie kwenye mfuko, lifunge. Waliobaki washushe kwa maji ya nguvu, au maji ya sabuni asubuhi, na rudia baada ya siku tatu. Jaribu sabuni kwenye majani mawili kwanza. Jani likiwa na mabaka ya kijani na manjano yaliyochanganyika kama ramani na mmea umedumaa, huenda ni virusi walioletwa na vidukari. Hakuna dawa ya virusi. Ng'oa mche huo, usiuache kando ya tuta.

Kabichi imetoa vichwa vingi vidogo, au moyo umekufa

Fungua katikati. Ukikuta utando wa nyuzi na mavi kama unga mbichi, na kiwavi wa rangi ya krimu mwenye mistari ya kahawia kwa urefu, huyo ni funza wa moyo wa kabichi, Hellula undalis, mpenda joto. Anaingia pale sumu ilipo nyingi kuliko mahali pote kwenye mmea, naye hana shida. Akishakata ncha ya kukua, kabichi inachipua pembeni na haifungi kichwa cha kuuzika. Nondo wetu wa kwanza anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mche mchanga sana, na kuku pia, na jembe la mkulima mwenye haraka.

Mche ulioharibika hivyo hauponi. Ung'oe. Kazi ipo kwa unaofuata: kitalu kiwe chini ya neti ya matundu madogo tangu siku ya kupanda mbegu, na wiki tatu za mwanzo baada ya kupandikiza fungua moyo wa kila mche mara mbili kwa wiki. Dawa ifike moyoni kabla utando haujafumwa. Baada ya hapo inaishia juu ya nyuzi.

Kama moyo ni mzima, hakuna kiwavi, ila kabichi inatoa majani tu bila kufunga, usimtafute mdudu. Kabichi inapenda baridi ya nyuzi 15 mpaka 20, na sisi hatuna. Angalia kama mbegu ni ya aina inayostahimili joto.

Matundu makubwa majani ya nje, au miche imekatwa chini

Hawa ni wageni, na ni wepesi. Ute unaong'aa ni konokono, okota usiku kwa tochi. Mche uliolala kama umekatwa kwa kisu ni sota. Fukua udongo kuzunguka shina, utamkuta amejikunja kama pete. Viwavi wakubwa wa kijivu au kahawia wanaokula pia tungule na mchicha wa jirani, okota jioni. Wageni wakila mpaka moyoni, jiulize kama mmea wenyewe una upungufu. Salfa ndiyo malighafi ya ile sumu, na kwenye ardhi ya kichanga masika huiosha ikashuka. Dalili yake ni majani machanga kuwa manjano kwanza, ilhali kwa upungufu wa naitrojeni huanza yale ya zamani. Samadi iliyooza vizuri husaidia, na mbolea ya SA (salfati ya amonia) ina salfa asilimia 24. Itie kwa ajili ya afya ya mmea. Nondo wa kabichi haitamzuia, yeye anaufurahia zaidi mmea wenye salfa ya kutosha.

Nimepuliza maji ya haradali au ya majani ya kabichi, hayakufaa kitu

Mara nyingi maji yalichemshwa. Moto unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, ukabaki na popoo bila chokaa. Ikiwa hayakuchemshwa, basi yalilala. Isothiosianati ni kitu cha kuruka hewani, na ukiponda leo ukapuliza kesho umepuliza maji. Na hata ikiwa kali bado, mdudu wako akiwa ni mwenyeji umempelekea harufu anayoitafuta.

Majani yaliyoungua ni kwa sababu sumu hii haichagui. Ikiwa nyingi inaua na seli za kabichi yenyewe, zaidi kwenye jua. Mimi sishauri kuipuliza. Tumia haradali kama mtego, na kwa kupuliza chukua mwarobaini. Anayeiponda kwa kazi nyingine yoyote asiponde ndani ya chumba kilichofungwa, afunike macho, na watoto wawe mbali. Ikiingia jichoni osha kwa maji safi yanayotiririka dakika kumi na tano, na maumivu yasipotulia nenda hospitali.

Nilizika majani ya kabichi kuua wadudu wa udongo, miche mipya ikafa

Wazo ni la kweli. Lilifanyiwa kazi sana Australia tangu miaka ya 1990: majani ya ukoo huu yakisagwa na kuzikwa, gesi yake hupunguza fangasi na minyoo ya mizizi. Kosa la kawaida ni haraka. Umepanda gesi ikiwa bado ardhini, au majani yakiwa katikati ya kuoza. Ngoja wiki tatu, kisha panda mbegu chache za mchicha kwanza. Zikiota vizuri, pandikiza.

Wengine wanapata kinyume, minyoo haipungui. Hapo majani yalizikwa mazima au yakiwa makavu. Yakatekate mabichi, yaponde kwa mchi au rungu, yafukie saa ileile, mwagilia, funika kwa nailoni. Yatumie kwa shamba litakalopandwa tungule au pilipili, na usiache mizizi ya kabichi ndani, maana minyoo fundo huishi humo.

Majani yenye uozo mweusi usiyazike kabisa. Dalili zake ni manjano inayoanzia ukingoni mwa jani kwa umbo la V, na vena zimekuwa nyeusi. Huo ni ugonjwa wa bakteria, hakuna dawa ya wadudu itakayougusa. Choma, usipande ukoo wa kabichi hapo kwa miaka miwili au mitatu, na ukiuona kwenye miche mingi kwa pamoja mwite bwana shamba kabla hujanunua chochote, kwani huenda mbegu ndiyo iliyouleta.

Kabichi ni chungu, wanunuzi wanalalamika

Joto na kiu hupandisha glukosinolati, na mmea ulioshambuliwa sana na wadudu nao huzidisha sumu yake. Mwagilia kwa mpangilio, si leo ndoo kumi na kesho kutwa hakuna, na vuna kwa wakati. Jikoni, kuichemsha na kumwaga maji yale ya kwanza hupunguza uchungu. Ile harufu mbaya ya salfa hutokana na kuipika muda mrefu. Ikate nyembamba, ipike haraka.

Ng'ombe au mbuzi wamelishwa mabaki ya kabichi, sasa wanakojoa mekundu

Usidhani ni kabichi moja kwa moja. Sababu ya kuangalia kwanza ni ugonjwa wa kupe. Lakini ukoo huu una kemikali nyingine yenye salfa ambayo, mnyama akiila kwa wingi kila siku, hupasua chembe nyekundu za damu. Na glukosinolati zikizidi kwa muda mrefu huvimbisha tezi ya shingo. Kidogo kilichochanganywa na majani ya kawaida hakina neno. Shida huja pale mtu anapopata polo zima la majani ya sokoni Mwanakwerekwe na kuwamwagia wiki nzima. Mkojo mwekundu au mweusi, ufizi uliopauka, mnyama anayehema akiwa amesimama tu: hapo mwite daktari wa mifugo siku ileile. Mpaka afike, ondoa kabichi yote bandani, weka majani makavu na maji safi, na usimchome sindano yoyote ya kubahatisha.